Kamera mbili za Korea Kaskazini: moja yaonyesha kombora, nyingine yaonyesha watu

Mwezi Machi mwaka 2022 televisheni ya taifa ya Korea Kaskazini ilirusha filamu fupi ambayo watazamaji wengi katika nchi jirani waliirudia mara ya pili kwa kutoamini macho yao. Mlango mkubwa wa ghala wafunguka polepole. Kiongozi wa nchi, Kim Jong Un, atokea akiwa amevaa koti la ngozi na miwani myeusi, maofisa wawili wa jeshi wakiwa ubavuni mwake. Wote watatu watazama saa zao. Muziki wapanda. Kisha kiongozi avua miwani, atikisa kichwa kuashiria kukubali, na kombora kubwa la masafa marefu, Hwasong-17, lajongea uwanjani juu ya gari lenye magurudumu mengi. Siku chache baadaye wizara ya ulinzi ya Korea Kusini ililiambia bunge mjini Seoul kwamba, kwa tathmini yake, kombora lililorushwa tarehe 24 Machi lilikuwa la aina ya zamani, Hwasong-15, na kwamba sehemu ya picha zile yaelekea ilipigwa siku nyingine, kabla ya jaribio lililoshindikana tarehe 16 mwezi huo huo.

Haukupita mwaka, na mwezi Januari 2023, katika tamasha la filamu la Sundance huko Utah, Marekani, ikaonyeshwa filamu nyingine kuhusu nchi hiyo hiyo. Jina lake ni Beyond Utopia, nayo iliongozwa na Mmarekani Madeleine Gavin. Humo picha nyingi zinatikisika. Zilipigwa gizani, kwa simu za mkononi, na watu ambao wangekamatwa kama wangeonekana wakizipiga. Bibi kizee aliyepita umri wa miaka 80 anapanda mlima wenye msitu usiku, akiongozwa kwa mkono, na pamoja naye wamo wajukuu wawili wa kike wasioelewa vyema wanakokwenda. Watengenezaji wa filamu wanatutahadharisha tangu mwanzo kwamba hakuna tukio lolote lililoigizwa upya. Filamu hiyo ilipata tuzo ya watazamaji pale Sundance, na mwaka uliofuata ikateuliwa kuwania tuzo ya BAFTA nchini Uingereza.

Katika habari za kila siku, mambo haya mawili husimuliwa mbalimbali. Kombora huwekwa katika habari za usalama, na bibi wa msituni huwekwa katika habari za wakimbizi. Makala haya yanaeleza kwa nini filamu za makala zilizotengenezwa juu ya Korea Kaskazini zinatufundisha kuyasoma kama jambo moja, na pia kwa nini filamu hizo zenyewe zinahitaji kutazamwa kwa jicho la uangalifu.

Safari ya watu watano

Familia inayofuatiliwa na Beyond Utopia ina watu watano: mume, mke, mabinti zao wawili na bibi. Walivuka Mto Yalu, unaoitenga Korea Kaskazini na China, kwa sababu jamaa zao walikuwa wametoroka kabla yao, na katika nchi ile kosa la mtu mmoja huwa kosa la ukoo mzima. Kila raia ana daraja lake, linaloitwa songbun, linalopimwa kwa mwenendo wa wazazi na babu zake tangu wakati wa Vita vya Korea na kabla ya hapo. Daraja hilo huamua atakaa wapi, atasoma nini na atafanya kazi gani. Aliye na ndugu mtoro anajua kwamba siku moja anaweza kuhamishiwa mahali pa mbali, milimani, asirudi.

Kuvuka mto si kuokoka. China ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hapo mwaka 1982, lakini huwahesabu watu hawa kuwa wahamiaji haramu wanaotafuta riziki, nayo huwarudisha kwao kwa mujibu wa makubaliano ya mpakani. Kwa hiyo familia haina budi kuivuka China yote, kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini, kisha Vietnam, kisha Laos, mpaka Mto Mekong, na ng'ambo yake Thailand. Huko, tofauti na nchi zilizotangulia, polisi huwakabidhi kwa utaratibu unaowafikisha Korea Kusini. Huenda hii ndiyo safari pekee ambayo msafiri hufurahi kukamatwa na polisi.

Anayeipanga safari ni mchungaji mmoja wa Korea Kusini, Kim Seongeun, ambaye filamu inasema amewasaidia zaidi ya watu 1,000. Mkewe mwenyewe ni mtoro kutoka Kaskazini. Mchungaji ana simu, na upande wa pili wa simu wako madalali. Madalali hawa si malaika, na filamu haijaribu kuwapaka rangi nzuri: wanataka fedha, wanapandisha bei njiani, na katika njia hizo hizo za magendo wanawake wengi wa Korea Kaskazini wameuzwa kuwa wake wa wakulima wa China. Anayeokoa na anayeuza wanaweza kuwa mtu mmoja, kutegemea nani amelipa kwanza.

Jambo ambalo halimtoki mtazamaji kichwani ni mazungumzo na yule bibi akiwa mafichoni. Ameacha kila kitu, anaogopa kukamatwa, na bado anamtaja kiongozi wa nchi yake kwa heshima kubwa, kana kwamba umaskini wao ni kosa la wananchi wasiojituma vya kutosha. Wajukuu nao wanamsifu. Wala haielekei kwamba wanaigiza. Wametoka katika nyumba ambazo picha za viongozi hutundikwa ukutani na wakaguzi huja kupima kama zimepata vumbi. Wametoka mahali ambapo kila kaya hupangiwa kiasi cha kinyesi cha binadamu cha kukusanya ili kiwe mbolea mashambani. Mtu aliyelelewa hivyo habadiliki kwa kuvuka mto usiku mmoja. Siku baada ya siku, kadiri safari inavyosonga, bibi anaanza kuuliza maswali, na kuyasikia maswali hayo yakizaliwa ni jambo zito kuliko hotuba yoyote ya kisiasa.

Filamu ina kisa cha pili. Mwanamke aliyewahi kuwa askari wa jeshi la Kaskazini, ambaye sasa anaishi Kusini, anajaribu kumtoa mwanawe ambaye hajamwona kwa takriban miaka kumi. Tunamwona akiwa amekaa na simu, akisubiri sauti ya dalali. Kwanza habari ni njema: kijana amevuka. Kisha habari hubadilika.

Kamera iliyoalikwa

Njia nyingine ya kuipiga picha nchi hiyo ni kuomba ruhusa. Mtengenezaji filamu wa Urusi, Vitaly Mansky, aliomba akapewa. Makubaliano yalikuwa kwamba mamlaka za Pyongyang zitaandika maelezo ya filamu, zitamchagua mhusika, na wasimamizi wao watakuwapo wakati wote. Mhusika alikuwa msichana wa miaka 8 anayejiandaa kuingia katika Umoja wa Watoto. Mansky aligundua kwamba baba yake, aliyekuwa mwandishi wa habari, amegeuzwa kuwa mhandisi wa kiwanda cha nguo kwa ajili ya filamu, na mama yake amepewa kazi katika kiwanda cha maziwa ya soya.

Basi alifanya jambo dogo lenye athari kubwa: hakuizima kamera. Kati ya onyesho na onyesho, wasimamizi walipoingia kuwaelekeza watu waseme nini, wacheke wapi, wapige makofi kwa nguvu zaidi, kamera iliendelea kuchukua. Nakala za picha zilifichwa zikatolewa nje ya nchi. Filamu yake, Under the Sun, ya mwaka 2015, haionyeshi kambi wala njaa wala risasi. Inaonyesha tu uongo ukitengenezwa, hatua kwa hatua, na watu wema wakitii. Mwishoni msichana anatokwa na machozi. Anaambiwa afikirie jambo la kumfurahisha, naye hapati jingine la kusema ila kiapo alichofundishwa.

Mwandishi wa makala haya anaiona filamu hiyo kuwa ufunguo wa zile picha za kombora. Aliyemtazama msimamizi akipanga sebule ya watu, akichagua chakula kitakachoonekana mezani, hawezi tena kutazama mlango wa ghala ukifunguka polepole bila kujiuliza ni nani aliyesimama nyuma ya kamera, na ni mara ngapi onyesho lilirudiwa.

Ushahidi unapoyumba

Hata hivyo, kamera ya upande wa pili nayo haina kinga. Mwaka 2012 Mjerumani Marc Wiese alitoa filamu ya Camp 14, inayomhusu Shin Dong-hyuk, kijana aliyesema alizaliwa ndani ya kambi ya wafungwa wa kisiasa akatoroka. Kisa chake kilijulikana duniani kote. Oktoba 2014 Korea Kaskazini ilitoa video ikimwonyesha baba yake akimkana, na Januari 2015 Shin mwenyewe alikiri kwamba baadhi ya mambo muhimu hayakuwa kama alivyosimulia: mahali yalipotokea na wakati yalipotokea havikuwa sahihi. Serikali ya Pyongyang ilishangilia ikadai kwamba sasa ushahidi wote umeporomoka.

Haukuporomoka, na ni vizuri kuelewa sababu. Tume ya Uchunguzi iliyoundwa na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa mwezi Machi 2013, ikiongozwa na jaji mstaafu wa Australia, Michael Kirby, haikumtegemea mtu mmoja. Iliwasikiliza hadharani mashahidi zaidi ya 80 katika miji ya Seoul, Tokyo, London na Washington, na ikafanya mahojiano ya faragha zaidi ya 240. Ilinyimwa ruhusa ya kuingia nchini, kwa hiyo ililinganisha kauli za watu wasiojuana, kisha ikazioanisha na picha za setilaiti. Ripoti yake ya Februari 2014 ilihitimisha kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu umetendeka na unaendelea kutendeka: mauaji, utumwa, mateso, ubakaji, kulazimisha mimba kutolewa, na kuwaacha watu wafe njaa kwa kujua. Ilikadiria kwamba wafungwa wa kisiasa kati ya 80,000 na 120,000 walikuwa katika kambi kubwa nne. Pyongyang ilikanusha yote.

Shahidi aliyepita katika mateso anaweza kuchanganya miaka, anaweza kuficha la aibu, anaweza hata kuongeza chumvi kwa sababu anayemhoji anataka kusikia makubwa. Filamu nzuri hulijua hilo. Ndiyo maana Beyond Utopia ina uzito wake: haimwombi mtoro akumbuke, bali inakwenda naye.

Bomu na wanaoligharimia

Tuje sasa kwenye silaha zenyewe. Korea Kaskazini ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia mwaka 1985, ikatangaza kujitoa Januari 2003, na tarehe 9 Oktoba 2006 ikafanya jaribio lake la kwanza chini ya ardhi. Yalifuata mengine matano. La mwisho, la tarehe 3 Septemba 2017, lilitikisa ardhi kama tetemeko lenye ukubwa wa 6.3, na tetemeko hilo lilisikika hadi China. Mwaka huo huo makombora mawili yalipita juu ya kisiwa cha Hokkaido nchini Japani, na mwezi Oktoba 2022 jingine likapita juu ya kaskazini mwa nchi hiyo, wakazi wakiamshwa na ving'ora asubuhi na kuambiwa waingie ndani ya majengo imara. Septemba 2022 bunge la Pyongyang lilipitisha sheria inayoruhusu silaha za nyuklia zitumike hata kabla ya kushambuliwa, na Kim Jong Un akasema hadhi hiyo haiwezi kurudishwa nyuma. Taasisi ya SIPRI ya Sweden ilikadiria mwanzoni mwa mwaka 2024 kwamba nchi hiyo ilikuwa na vichwa vya nyuklia vipatavyo 50.

Nchi ya watu wapatao milioni 26, ambayo mashirika ya Umoja wa Mataifa yanakadiria zaidi ya asilimia 40 ya wakazi wake hawapati chakula cha kutosha, hulipaje gharama hizo? Sehemu ya jibu ni jasho la wale wale tunaowaona katika filamu. Mwaka 2015 Marzuki Darusman, mwakilishi maalumu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, alieleza kwamba zaidi ya raia 50,000 wa Korea Kaskazini walikuwa wamepelekwa kufanya kazi ng'ambo, wengi China na Urusi, katika misitu, migodi, viwanda na ujenzi, baadhi wakifanya kazi hadi saa 20 kwa siku, huku sehemu kubwa ya mishahara yao ikienda kwa dola. Familia zao hubaki nyumbani, na kubaki kwao ndiko dhamana ya kwamba mfanyakazi hatatoroka.

Bara la Afrika halikuwa mbali na mkondo huo wa fedha. Shirika la Mansudae la Pyongyang lilijenga Mnara wa Mwamko wa Afrika mjini Dakar, uliozinduliwa mwaka 2010, na Uwanja wa Mashujaa nje ya Windhoek, Namibia. Mwezi Novemba 2016 Baraza la Usalama lilipiga marufuku kununua sanamu kutoka Korea Kaskazini, jambo lililowachekesha baadhi ya watu kwa kudhani sanamu haiwezi kuwa tishio la amani. Hata baada ya hapo, ripoti ya shirika la uchunguzi la The Sentry ya mwaka 2020 ilieleza jinsi raia wawili wa Korea Kaskazini walivyofungua kampuni ya ujenzi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kujenga sanamu katika mkoa wa Haut-Lomami. Desemba 2017 Baraza lilikwenda mbali zaidi, likazitaka nchi zote ziwarudishe wafanyakazi wa Korea Kaskazini ndani ya miezi 24. Tangu hapo, chanzo kikubwa cha fedha kimehamia mitandaoni: mwezi Machi 2024 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilisema linachunguza mashambulizi 58 ya kimtandao yanayoshukiwa kufanywa na nchi hiyo kati ya mwaka 2017 na 2023, yenye thamani ya takriban dola bilioni 3.

Maji ya Kilju

Majaribio yote sita yalifanyika mahali pamoja, Punggye-ri, katika milima ya wilaya ya Kilju, mkoa wa Hamgyong Kaskazini. Ukiifungua ramani ya setilaiti utaona kwamba upande wa pili wa milima hiyo kuna kambi ya wafungwa wa kisiasa ya Hwasong, inayojulikana kama Kambi namba 16. Baadhi ya waliotoroka Kaskazini wamedai kwamba wafungwa walitumiwa kuchimba mahandaki ya majaribio. Dai hilo halijathibitishwa, na hakuna mtu wa nje aliyewahi kuruhusiwa kwenda kuuliza. Lakini ujirani wenyewe si dai. Ni jambo linaloonekana kutoka angani.

Wakazi wa kawaida wa Kilju nao wana swali lao, hata kama hawawezi kulitamka. Wanakunywa maji yanayoteremka kutoka milima ile, na uyoga wake wa matsutake, unaopendwa sana Japani na Korea Kusini, umekuwa ukipita katika biashara ya magendo. Mwaka 2023 shirika la haki za binadamu la Seoul, Transitional Justice Working Group, lilitahadharisha juu ya uwezekano wa mionzi kuingia katika maji ya ardhini. Serikali ya Korea Kusini iliwapima watoro 80 waliotoka wilaya hiyo na zilizo jirani, na Februari 2024 ikatangaza kwamba 17 kati yao walikuwa na dosari katika kromosomu zinazoweza kuwa zimesababishwa na mionzi. Ikaongeza kwa haki kabisa kwamba uvutaji wa sigara, umri na vipimo vya hospitali navyo vinaweza kuleta dosari kama hizo, kwa hiyo chanzo hakikuweza kuthibitishwa. Ili kukithibitisha ingebidi kuyapima maji, udongo na watu waliobaki Kilju.

Hapa historia ya nchi nyingine iliyowahi kutawaliwa kwa mkono wa chuma inatusaidia. Huko Semipalatinsk, katika Kazakhstan ya enzi za Umoja wa Kisovieti, majaribio 456 ya nyuklia yalifanyika kati ya mwaka 1949 na 1989. Kwa miongo mingi wakazi walizika watoto wao bila kuambiwa kitu. Kisha, mwezi Februari 1989, milango ya uhuru wa kusema ilipoanza kufunguliwa, mshairi Olzhas Suleimenov alitumia nafasi yake katika televisheni, badala ya kusoma mashairi, kuzungumzia gesi yenye mionzi iliyokuwa imevuja. Maelfu wakajitokeza, vuguvugu la Nevada-Semipalatinsk likazaliwa katika siku chache, na tarehe 29 Agosti 1991 uwanja wa majaribio ukafungwa rasmi. Wanasayansi wa Kisovieti hawakuwa wamegundua ghafla kwamba mionzi inadhuru. Kilichobadilika ni kwamba raia aliweza kulisema jambo hilo kwenye televisheni akarudi nyumbani kulala.

Kilju hakuna Suleimenov. Hilo ndilo fundo linalofunga mambo yetu mawili: serikali isiyoulizwa kwa nini wafungwa hawarudi haiulizwi pia kwa nini maji yana ladha ngeni, wala kwa nini nafaka haikutosha mwaka ambao makombora yalirushwa kwa wingi.

Meza ya mazungumzo

Wanadiplomasia wengi hawapendi kusikia hoja hiyo. Wanasema, na si bila sababu, kwamba ukimkaripia mtu kuhusu kambi zake hataketi nawe kuzungumzia mabomu yake, na bomu moja linaweza kuua watu wengi kuliko kambi zote. Kwa hiyo Juni 2018, Kim Jong Un alipokutana na Rais Donald Trump wa Marekani mjini Singapore, tamko la pamoja lilitaja amani, uhusiano mpya, kuondoa silaha za nyuklia na mabaki ya askari waliokufa vitani. Haki za binadamu hazikutajwa. Mkutano wa Hanoi wa Februari 2019 ulivunjika bila makubaliano, kwa hiyo ukimya ule haukuzaa hata kile ulichonuiwa kukizaa.

Kuna jambo jingine la kiutendaji linalosahauliwa. Kukubali kuacha silaha ni maneno. Kuhakikisha zimeachwa kunahitaji wakaguzi wanaotembea popote, wanaowahoji mafundi, wanaopewa daftari za viwandani. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hawajakanyaga vinu vya Yongbyon tangu walipofukuzwa mwezi Aprili 2009. Lakini kamera zimewahi kualikwa. Juni 2008 waandishi wa habari waliitwa kushuhudia mnara wa kupoozea kinu cha Yongbyon ukilipuliwa. Miezi kumi na moja baadaye lilifanyika jaribio la pili la nyuklia. Mei 2018 waliitwa tena, safari hii Punggye-ri, kutazama milango ya mahandaki ikiporomoshwa, wataalamu hawakualikwa. Mwaka 2022 setilaiti zilionyesha handaki moja likichimbuliwa upya. Anayemkumbuka Mansky na wasimamizi wake hatashangaa.

Jicho linalofumbwa

Vyombo vya kuitazama nchi hiyo vinapungua. Tarehe 28 Machi 2024 Urusi ilitumia kura ya turufu kuzuia kuongezwa muda wa jopo la wataalamu waliokuwa wakifuatilia vikwazo kwa takriban miaka 15. China haikupiga kura upande wowote. Miezi mitatu baadaye Urusi na Korea Kaskazini zilitia saini mjini Pyongyang mkataba wa kusaidiana vitani, na askari wa Kaskazini wakapelekwa kupigana katika mkoa wa Kursk.

Ndani ya nchi, sheria ya Desemba 2020 dhidi ya fikra za kigeni imefanya kutazama tamthilia ya Korea Kusini kuwa kosa la kifungo cha miaka mingi, na kuzisambaza kuwa kosa la kifo. Ripoti ya serikali ya Seoul ya mwaka 2024 ilinukuu ushuhuda kuhusu kijana wa miaka 22 aliyeuawa hadharani mwaka 2022 katika mkoa wa Hwanghae Kusini kwa kusikiliza nyimbo 70 na kutazama filamu tatu, na kuzigawa kwa wengine. Dola inayoonyesha kombora lake kwa miondoko ya sinema ya kigeni inamwua kijana kwa sababu ya filamu tatu.

Na mpaka umefungwa. Mwaka 2009 watoro zaidi ya 2,900 walifika Korea Kusini. Mwaka 2021, baada ya mpaka kufungwa kwa sababu ya korona na nyaya mpya na askari wapya kuwekwa kandokando ya mto, walifika 63. Mwaka 2023 walikuwa 196, wengi wao wakiwa wametoka kwao miaka mingi kabla. Mwezi Oktoba mwaka huo mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kwamba China iliwarudisha mamia ya Wakorea Kaskazini kwa siku moja. Njia iliyopitiwa na yule bibi na wajukuu wake ilirekodiwa muda mfupi kabla ya mpaka kufungwa, na tangu hapo haijawa na kamera nyingine kama ile.

Familia ya watu watano ilifika Seoul. Yule mwanamke aliyekuwa askari hakubahatika. Dalali alimpigia simu kumweleza kwamba mwanawe amekamatwa China na kurudishwa. Baadaye akaambiwa kwamba amepelekwa katika kambi ya wafungwa wa kisiasa. Alijaribu kutuma fedha, akajaribu watu wengine, akauliza kama anaweza walau kujua jina la kambi. Filamu inapokwisha bado ameshika simu.